Upande Mtupu wa Meza: Jinsi Wachoraji Walivyowaketisha Watu Wao

#1 Mleta mada

Wakuu, nawasalimu nyote.

Katika nyumba nyingi za Wakristo wa Afrika Mashariki, sebuleni, juu ya kabati la vyombo au kando ya kalenda, hutundikwa picha ya Karamu ya Mwisho, Yesu akiwa mezani na wanafunzi wake kumi na wawili. Nyingine zimechapwa kwenye karatasi, nyingine zimefumwa kwenye kitambaa cha ukutani, na nyingine ni za plastiki inayometameta. Karibu zote ni nakala, nzuri au mbaya, za mchoro mmoja ambao Leonardo da Vinci aliuchora kwenye ukuta wa bwalo la watawa Wadominiko wa Santa Maria delle Grazie, mjini Milan, kati ya mwaka 1495 hivi na 1498. Swali ambalo watoto huliuliza mapema, na watu wazima huacha kuliuliza kwa kuona haya, ni hili: kwa nini watu kumi na watatu wamebanana upande mmoja wa meza, ilhali upande wa pili hauna hata mtu mmoja?

Nimefungua uzi huu kwa sababu naona swali hilo lina uzito kuliko linavyochukuliwa. Ukiagizwa kuchora watu kumi na watatu mezani kama watu wanavyoketi kweli, nusu yao watakupa kisogo. Kwa hiyo kila mchoraji wa meza hulazimika kuamua nani ataonekana uso, nani ataonekana mgongo, na ule upande ulio karibu na sisi watazamaji utakuwa wa nani. Hoja yangu ni kwamba uamuzi huo ndio unaobeba maana ya mchoro, na kwamba ukiusoma vizuri utajua mchoro ulikusudiwa kumfanyia mtazamaji nini, hata kabla hujaambiwa ni akina nani waliochorwa.

Tuanze na waliomtangulia Leonardo. Miaka hamsini hivi kabla yake, mnamo mwaka 1447, Andrea del Castagno aliichora karamu hiyohiyo kwenye bwalo la watawa wa kike wa Sant'Apollonia, mjini Florence. Mle wanafunzi wamepangwa nyuma ya meza ndefu wakiwa wametulia, na upande wetu ameketi mtu mmoja peke yake, Yuda. Domenico Ghirlandaio naye alifanya vivyo hivyo mwaka 1480 katika bwalo la Ognissanti, katika mji huohuo. Upande wa mtazamaji ulikuwa kizimba cha mshtakiwa. Aliyeingia bwaloni hakuhitaji kubahatisha ni nani msaliti, kwa kuwa alikuwa ametengwa mbele ya macho yake.

Leonardo alimwondoa Yuda katika kizimba hicho na kumrudisha miongoni mwa wenzake. Ukitazama kushoto kwa picha utamwona karibu kabisa na Petro na Yohane, uso wake ukiwa gizani kuliko wa wengine, amekamata mfuko wa fedha, na chumvi imemwagika mezani karibu na mkono wake. Yesu ndiyo kwanza amesema kwamba mmoja wao atamsaliti, na wanafunzi wamegawanyika makundi manne ya watu watatu watatu, kila kundi likihangaika kwa namna yake. Kwa kuwa msaliti hajatengwa, mtazamaji naye analazimika kumtafuta, na katika kumtafuta anapitia uso mmoja baada ya mwingine, ukiwamo wa asiye na hatia.

Upande mtupu ukabaki kuwa wa nani, basi? Wa watawa wenyewe. Waliketi bwaloni kwenye meza zao, wakila kimya huku mmoja wao akiwasomea, na ukutani mbele yao palikuwa na meza ya kumi na watatu, iliyochorwa juu kidogo ya vichwa vyao kwenye eneo la mita 4.6 kwa mita 8.8. Mistari ya dari na kuta ndani ya mchoro imepigwa ili chumba kile kionekane kuwa kinaendelea ukutani. Mtawa aliyeinua macho kutoka kwenye sahani yake alijikuta ameketi mkabala na Kristo, upande wa pili wa shughuli ileile.

Nitaendelea na wengine, lakini nawaachia kwanza nafasi ya kuchangia.

#2 Fundi wa Rangi

Ndugu mleta mada, nashukuru kwa mada. Mimi huchora mabango na kuta za maduka, kwa hiyo sanaa ya Ulaya naifahamu kwa mbali tu, lakini ukuta naufahamu. Nimesikia kwamba mchoro huo uliharibika mapema sana, na nikiangalia picha zake za karibu naona rangi ilivyobabuka. Ukuta ulioshika unyevu ukiupaka rangi juujuu, bila kujali lipu yake ikoje, lazima utakuaibisha baada ya masika mawili. Je, mtu mwenye akili kama yule hakulijua hilo?

#3 Mleta mada

Fundi, alilijua, na ndipo kisa chake kinapouma. Njia iliyozoeleka Italia ilikuwa kupaka rangi juu ya lipu mbichi, ili lipu inapokauka inywe rangi na vyote viwili viwe kitu kimoja. Njia hiyo hudumu, ila inamtaka mchoraji apige kila siku kipande kidogo cha lipu na kukimaliza kabla hakijakauka. Hakuna kurudi nyuma kubadilisha kidole. Leonardo hakuwa mtu wa namna hiyo. Matteo Bandello, aliyekuwa kijana katika nyumba ile ya watawa, aliandika baadaye kwamba kuna siku alipanda jukwaani tangu alfajiri akachora bila kula wala kunywa, na kuna siku alisimama mbele ya ukuta kwa saa kadhaa akiutazama tu. Mtu anayetaka kufikiri hivyo hawezi kwenda na mwendo wa lipu. Kwa hiyo akachora kwa rangi za yai na mafuta juu ya ukuta uliokwisha kukauka, karibu kama anavyochora mtu juu ya ubao, na unyevu ukafanya kazi yake. Giorgio Vasari, mchoraji aliyeandika maisha ya wachoraji wenzake, alipopita Milan mwaka 1566, miaka isiyofika sabini tangu kazi ikamilike, aliona sehemu kubwa imekuwa doa.

Ushahidi wa hoja yako, Fundi, uko katika chumba hichohicho. Kwenye ukuta unaotazamana na Karamu, Giovanni Donato da Montorfano alichora mwaka 1495 tukio la Kusulubiwa kwa njia ya kawaida ya lipu mbichi, na mpaka leo limesimama imara. Wageni wengi hulipa kisogo. Fundi aliyefuata kanuni kazi yake imesalimika na hatazamwi, na aliyezivunja kazi yake imeharibika na dunia nzima inapanga foleni kwa ajili yake. Sijui ufanye nini na habari hiyo kazini kwako.

Mwaka 1652 watawa walitaka mlango mpana zaidi, wakautoboa ukuta katikati kabisa chini ya meza, na miguu ya Yesu ikaenda na vifusi. Tunajua miguu hiyo ilivyokuwa kwa sababu ya nakala za mapema, hasa ile inayohesabiwa kuwa ya Giampietrino, mfuasi wa Leonardo, ambayo ni mali ya Royal Academy ya London. Agosti 1943 bomu la Washirika liliangusha paa na ukuta mmoja wa bwalo. Ukuta wa Karamu ulinusurika kwa kuwa ulikuwa umekingwa kwa mifuko ya mchanga. Kisha ikaja kazi ya urekebishaji iliyoongozwa na Pinin Brambilla Barcilon kuanzia mwaka 1978 hadi 1999, ambayo iliondoa tabaka za rangi za warekebishaji waliotangulia na kuacha kilichosalia cha mkono wa Leonardo, ambacho si kingi.

#4 Katekista Mstaafu

Wanangu, mmezungumza vizuri, ila nina jambo moja. Hiyo meza yenyewe na viti vyake ni mambo ya Milan ya karne ya 15. Katika karamu za wakati wa Yesu watu walikuwa wakijinyoosha kwa ubavu juu ya matandiko, wakiegemea mkono mmoja na kula kwa mwingine. Ndiyo maana Injili inaweza kusema kwamba mwanafunzi mmoja alikuwa ameegama kifuani pa Yesu bila jambo hilo kuwa la ajabu. Ni mtu aliyelala mbele ya mwenzake. Ukilisoma andiko hilo huku una picha ya sebuleni akilini, unajiuliza huyo Yohane alikuwa na usingizi gani. Je, hakuna mchoraji hata mmoja aliyelizingatia?

#5 Mleta mada

Shikamoo Mwalimu. Wapo, na wengine ni wa kale kuliko hao wote. Katika kanisa la Sant'Apollinare Nuovo, mjini Ravenna, kuna picha ya vijiwe vya rangi ya karne ya 6 ambamo Yesu na wanafunzi wamejinyoosha kuzunguka meza ya nusu duara, yenye mikate na samaki wawili wakubwa. Yesu yuko mwisho upande wa kushoto, mahali pa heshima kwa desturi ya Kirumi, wala hayuko katikati. Nusu duara hiyo inalimaliza tatizo letu kwa ulaini kabisa, kwa kuwa upande wetu ni mtupu kwa asili yake na hakuna anayelazimika kugeuzwa. Karne nyingi baadaye Nicolas Poussin, Mfaransa aliyeishi Roma na kuchunguza mambo ya kale kwa bidii, aliichora Ekaristi mwaka 1647 na wanafunzi waliojinyoosha juu ya vitanda vya Kirumi. Ni kazi ya usomi mkubwa. Hata hivyo haikuingia katika sebule za watu, na nadhani sababu ni kwamba mtazamaji anaheshimu elimu iliyomo bila kuona mahali pake mwenyewe.

Kuhusu kubadilisha mambo, aliyevuka mipaka kuliko wote ni Paolo Veronese wa Venice. Mwaka 1563 aliwakabidhi watawa Wabenedikto wa San Giorgio Maggiore mchoro wa Arusi ya Kana wenye upana wa karibu mita 10 na watu wapatao 130. Meza zimepangwa kwa umbo la pande tatu, Yesu na mama yake wako katikati, maarusi wamesukumwa mwisho kabisa kushoto, na ule upande mtupu amewapa wanamuziki. Watawa wanaokula kimya, na mbele yao bendi inapiga! Majeshi ya Napoleon yaliung'oa mwaka 1797 yakaupeleka Paris, na sasa uko katika makumbusho ya Louvre, ukumbi uleule wa Mona Lisa, ambako umati mkubwa huugeuzia mgongo.

Miaka kumi baadaye aliwachorea Wadominiko wa Santi Giovanni e Paolo Karamu ya Mwisho, kuchukua nafasi ya ile ya Titian iliyoungua mwaka 1571. Akaweka humo askari wa Kijerumani, vibeti, mchekeshaji mwenye kasuku na mtumishi anayetokwa damu puani. Tarehe 18 Julai 1573 aliitwa mbele ya baraza la kuchunguza uzushi wa imani. Kumbukumbu za mahojiano hayo zipo, na majibu yake ni ya mtu wa kazi: turubai lilikuwa kubwa, pakabaki nafasi, na panapobaki nafasi yeye huijaza watu, tena wachoraji, kama washairi na wendawazimu, wana uhuru wao. Baraza likamwamuru arekebishe mchoro kwa gharama zake ndani ya miezi mitatu. Alichofanya ni kuandika juu ya nguzo kwamba hii ni karamu ambayo Lawi, mtoza ushuru, alimwandalia Bwana, akataja Luka sura ya 5, na mambo yakaisha. Meza ya watoza ushuru na wenye dhambi ilivumilika kuwa na mlevi. Meza ile nyingine haikuvumilika.

#6 Mpwani

Assalaam alaykum jamaa. Nimesoma kwa makini, nami nasema kutoka kwetu pwani kwamba shida hii yote imeletwa na meza. Kwetu chakula kikitandikwa, ni jamvi na sinia. Watu huketi kwa duara, kila mmoja akala upande wake ulio mbele yake, na hapana mwanzo wala mwisho, hapana kichwa cha meza wala mkia. Mchoraji akija kutuchora, mgongo wa mtu lazima atauchora, maana upande mtupu haupo. Ukiwapo, basi kuna mtu anasubiriwa. Nataka kujua, ndugu mleta mada: katika hao Wazungu wako, yupo aliyechora watu wakila chombo kimoja na akakubali kuchora mgongo?

#7 Mleta mada

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Yupo, na ndiye niliyekuwa namwendea.

Mwaka 1885, katika kijiji cha Nuenen kusini mwa Uholanzi, Vincent van Gogh aliichora familia ya wakulima wakila viazi usiku. Alikuwa na umri wa miaka 32, hajawahi kwenda Arles, kusini mwa Ufaransa, na rangi zake za manjano na buluu zinazojulikana leo zilikuwa bado hazijazaliwa. Majira ya baridi yaliyotangulia alishinda akichora vichwa vya wakulima, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayejizoeza kwa mtihani. Kisha akaenda nyumbani kwa familia ya De Groot na kuwaketisha watano kuzunguka meza ndogo chini ya taa moja ya mafuta iliyoning'inia darini. Mchoro wenyewe hauzidi sentimita 82 kwa 114.

Sahani ya viazi ni moja. Uma zinakwenda kwenye sahani hiyohiyo, na mvuke wa viazi unapanda katikati yao. Kulia, mwanamke mzee anamimina kahawa, na hakuna anayemtazama usoni mwenzake moja kwa moja kwa muda mrefu, wamechoka. Na upande wetu, palepale ambapo Castagno alimtenga msaliti na Leonardo alipaacha wazi kwa ajili ya watawa, Van Gogh amemweka msichana aliyetupa mgongo. Uso wake hatuuoni kabisa. Yeye ndiye aliyezuia mwanga wa taa kutufikia, na mvuke umemzunguka kiasi kwamba umbo lake limekuwa kivuli chenye kingo za nuru.

Wapo wanaoona kwamba msichana huyo amewekwa ili kusawazisha picha, na wana haki, kwa kuwa bila yeye taa ingetupofusha. Lakini mimi naona zaidi ya hapo. Nafasi yetu imechukuliwa. Duara limefungwa, watu wanakula chakula chao, na sisi tumesimama nyuma ya mtoto wao. Katika barua aliyomwandikia ndugu yake Theo mwishoni mwa Aprili mwaka huo alieleza kwamba alitaka ieleweke kuwa mikono ile inayotia chakula mdomoni ndiyo iliyolima ardhi, na kwamba chakula kile wamekipata kwa jasho lao halali. Alitaka pia nyuso ziwe na rangi ya kiazi chenye vumbi kisichomenywa. Chakula cha namna hiyo hakimwaliki mpita njia; ni chao.

Rafiki yake, Anthon van Rappard, ambaye naye alikuwa mchoraji, alipopelekewa nakala iliyochapwa kwa jiwe aliikosoa vikali: mkono wa mwanamke wa nyuma si wa kweli, birika la kahawa haliko mezani wala mkononi, na yule mwanamume wa kulia hana goti, hana tumbo, hana mapafu. Kwa kipimo cha shule, Rappard alikuwa sahihi kwa kila neno. Van Gogh alimrudishia barua yake, na urafiki ule haukupona. Miaka miwili baadaye, akiwa Paris, alimwandikia dada yake kwamba mchoro ule wa wakulima wanaokula viazi ndio bora kuliko yote aliyoifanya.

Kwa hiyo, ndugu Mpwani, mtu aliyekubali kuchora mgongo alichora pia sahani moja ya wote. Sidhani kama mambo hayo mawili yalikutana kwa bahati.

#8 Mdau wa Nairobi

Nina maswali mawili. La kwanza: je, ni kweli kwamba yule kijana laini aliye kando ya Yesu katika picha ya Leonardo ni Maria Magdalena, kama riwaya moja maarufu ya mwaka 2003 ilivyodai? La pili: nilisoma kwamba mchoro wa watu wawili wakicheza karata mezani ulinunuliwa na watu wa Ghuba kwa fedha za kujenga barabara. Je, huo nao unaingia katika hoja hii?

#9 Mleta mada

Kuhusu la kwanza, hapana. Yohane alichorwa kijana asiye na ndevu katika michoro mingi ya Florence, hata ile ya Castagno na Ghirlandaio, kwa kuwa mapokeo yalimhesabu kuwa mdogo kuliko wote. Isitoshe, ukimfanya huyo kuwa Magdalena, itakubidi uniambie Yohane amekwenda wapi, maana wanafunzi waliochorwa ni kumi na wawili kamili.

Kuhusu la pili, mchoro huo ni mmoja kati ya mitano ya wacheza karata ambayo Paul Cézanne aliichora katika miaka ya 1890, akiwatumia vibarua wa shamba la familia yake huko Aix. Iliripotiwa kwamba familia ya kifalme ya Qatar iliununua mwaka 2011 kwa zaidi ya dola za Marekani milioni 250. Cézanne alilikwepa tatizo letu kwa kuigeuza meza ubavu: wachezaji wawili wanatazamana, chupa iko katikati, nasi tunawaona kwa pembeni. Hawajui kama tupo, na wala hawajali.

#10 Fundi wa Rangi

Mkuu, niruhusu nikupinge kidogo. Unaipa falsafa nyingi jambo ambalo kwa fundi ni rahisi. Mteja hulipia sura yake. Mwenye saluni akiniagiza niwachore wafanyakazi wake watano ukutani, nikimchora mmoja kisogo, huyo atadai hayumo na tajiri atakata pesa. Upande mmoja wa meza hujaa kwa sababu kila aliyelipa anataka aonekane. Huoni kwamba hiyo ndiyo sababu yenyewe?

#11 Mleta mada

Fundi, hoja yako ni nzito, na kwa Waholanzi wa karne ya 17 ni kweli tupu. Vikosi vya ulinzi wa miji, vyama vya mafundi na wakuu wa nyumba za wazee waliagiza picha zao za pamoja, na waliochorwa walichangia gharama. Frans Hals wa Haarlem aliwachora maafisa wa kikosi cha Mtakatifu George wakiwa karamuni mwaka 1616, na ustadi wake wote ulikuwa katika kuwageuza shingo na mabega wale wa upande wa mbele ili watu wote waliolipa waonekane, bila picha kufanana na foleni.

Lakini tazama Rembrandt alivyolitumia sharti hilo. Mwaka 1662 aliagizwa awachore wakaguzi wa nguo wa Amsterdam, watu watano walioteuliwa kukagua ubora wa nguo zilizotiwa rangi, pamoja na mtumishi wao asiye na kofia. Mezani pamefunikwa zulia jekundu la mashariki, na mbele yao kuna kitabu cha sampuli. Wakaguzi hao hawakuwa wa madhehebu moja: wawili walikuwa Wakatoliki, mmoja Mkalvini, mmoja Mmenoni na mmoja Mremonstranti, katika karne ambayo tofauti hizo zilikuwa zimemwaga damu nyingi Ulaya. Wote wameonekana uso, kama ulivyosema. Ila mmoja anainuka kitini, wengine wameinua macho kutoka kitabuni, na karibu wote wanamtazama mtu aliyesimama upande mtupu. Mtu huyo ni wewe. Umeingia katikati ya kikao chao, na hujui kama umeleta nguo nzuri au mbaya. Picha za eksirei zimeonyesha kwamba Rembrandt alibadilisha mahali pa watu hao, hasa mtumishi, zaidi ya mara moja kabla ya kuridhika. Kama ingekuwa ni kuonyesha sura tu, mpangilio wa kwanza ungetosha.

Na pale ambapo hakuna mteja anayedai sura yake, mambo huwa huru zaidi. Pieter Bruegel alipochora arusi ya wakulima mnamo mwaka 1567, mchoro ambao sasa uko Vienna, aliipitisha meza mshazari ndani ya ghala, akajaza pande zote mbili, na wengine wakatupa mgongo bila kulalamika. Wanaume wawili wanaleta vyakula juu ya mlango uliong'olewa bawaba zake. Mtoto mwenye kofia kubwa analamba sahani. Bibi arusi ameketi mbele ya kitambaa cha kijani, mikono ameifumbata, hali chochote, na ndiye pekee mwenye utulivu katika ghala lote. Wataalamu wamebishana kwa miaka mingi kuhusu bwana arusi ni yupi, na hawajakubaliana. Binafsi naona ubishi huo ni sifa kwa Bruegel, maana kwenye arusi ya kweli yenye watu wengi, mgeni aliyeingia kwa mlango wa nyuma naye angeuliza hivyohivyo.

Nisimsahau Caravaggio. Mwaka 1601 alichora chakula cha jioni cha Emau, pale wanafunzi wawili wanapotambua ghafla kwamba mgeni anayebariki mkate ni Yesu aliyefufuka. Mmoja anasukuma kiti chake kuja kwetu, kiwiko chake kimechanika. Mwingine amenyoosha mikono kiasi kwamba mkono mmoja unakaribia kutoka nje ya turubai. Mwenye nyumba ya wageni amesimama na kofia yake kichwani, haelewi lolote. Na upande wetu kikapu cha matunda kimewekwa ukingoni mwa meza, nusu yake ikining'inia hewani, hata mtazamaji anatamani kunyoosha mkono akidake. Upande mtupu haujawahi kukaribia hivyo.

#12 Mdau wa Nairobi

Nimeelewa sasa. Je, kwetu huku hakuna aliyewahi kulishughulikia jambo hili, au tutaishia kwenye nakala za plastiki?

#13 Mleta mada

Yupo, na hauko mbali naye. Panda matatu hadi Murang'a, uende katika kanisa kuu la Kianglikana la Mtakatifu James na Mashahidi Wote, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo Wakikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu, Kilimanjaro, na kusomea sanaa Makerere chini ya Margaret Trowell, alichora humo kuta tano zilizokamilika mwaka 1959: Kuzaliwa, Ubatizo, Karamu ya Mwisho, Gethsemane na Kusulubiwa. Watu wake ni Waafrika na nchi yao ni nchi ya miinuko ile. Ni mtu huyohuyo aliyeshiriki baadaye, mwaka 1965, kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa mjini Nairobi. Ukifika, simama mbele ya ule ukuta wa tatu na ujiulize umewekwa upande gani. Kisha urudi hapa utueleze, maana maelezo ya mtu aliyesimama pale yatatufaa kuliko yangu.

Kwa wale watakaobahatika kufika Milan, tiketi hununuliwa mapema, watu huingizwa kwa makundi madogo, na kila kundi hupewa dakika 15. Zikibaki mbili, geukeni mumtazame na Montorfano. Wakaguzi wa Rembrandt wako Rijksmuseum, Amsterdam, mwendo mfupi kwa miguu kutoka makumbusho ya Van Gogh ilipo picha ya wala viazi. Tovuti ya Rijksmuseum inaruhusu mtu yeyote kupakua picha zake kubwa bila malipo. Fundi, jipakulie hiyo ya wakaguzi uikuze kwenye skrini, uangalie jinsi lile zulia jekundu lilivyopakwa pale mezani, karibu kabisa na ukingo wa chini.